Njia nne za kuweka mipaka katika kazi ya utamaduni Lamu: ipi ikufae wewe

Kazi ya utamaduni Lamu haina mlango unaofungwa saa kumi na moja jioni. Malenga ni malenga sokoni, msikitini na harusini, na popote aketipo huombwa "beti mbili tu". Anayeongoza wageni anajulikana sura kutoka mtaa wa Langoni hadi wa Mkomani, na hata akiwa anakwenda kwake na kikapu cha samaki atasimamishwa aeleze habari za ngome. Mshonaji wa kofia za vito, zile za kutarizwa kwa mkono, hufanya kazi barazani mbele ya macho ya watu, na kwa kuwa ameketi, kila apitaye humwona ana nafasi. Ushauri wa kawaida wa mipaka kazini, ule wa kuzima simu ukitoka ofisini, hautufikishi mbali. Ofisi yenyewe iko wapi?

Hapa nimeziweka ubavu kwa ubavu njia nne ambazo watu wa fani hizi huzitumia kukataa kazi, muda au ombi wasiloliweza: kukwepa kwa "inshallah", kukataa papo hapo, kuweka masharti mapema, na kumweka mtu wa kati. Kisha nalinganisha namna mbili za kukaa na nafsi yako ukishakataa, yaani kujikaza na kujihurumia, kwa sababu mipaka mingi huvunjwa usiku na yule yule aliyeiweka, akiwa amelala na hatia yake.

Msimamo wangu nautanguliza ili msomaji ayapime maneno yangu akijua niliposimama. Katika mji ambao kila mtu ni ami, shangazi, jirani au mwanafunzi wa maalim wako, mpaka unaotegemea ujasiri wako wa dakika ile haudumu. Unaodumu ni ule uliotangulia ombi, ukabebwa na watu zaidi ya mmoja. Lakini zipo hali ambazo njia nyingine zafaa zaidi, na nitazitaja.

Kwa nini tunakubali tusichokiweza

Muhali kwanza, yaani ile haya ya kumnyima mtu. Vichochoro vya Mji Mkongwe wa Lamu havipitiki kwa gari. Kuna miguu, punda na Usita wa Mui, njia kuu ya mji, na yule uliyemkatalia asubuhi mtapishana bega kwa bega kabla ya adhuhuri. Pengine ni ndugu wa baba yako. Pengine ndiye aliyekusomesha juzuu. Neno lako la kukataa linagusa udugu, na jioni habari imekwisha fika kwa mama.

Ya pili ni hofu ya msimu. Kipato cha utamaduni hapa hupanda na kushuka kwa sababu zisizo mikononi mwetu. Mwaka 2011 wageni walitekwa nyara Kiwayu na Manda, jirani zetu, na watalii wakaogopa kuja. Mwaka 2014 mashambulizi ya Mpeketoni, katika Kaunti ya Lamu, yalifuatwa na amri ya kutotoka nje usiku, katika mji ambao ngoma na maulidi huchangamka baada ya isha. Mwaka 2020 ikaja korona. Aliyepita katika vipindi vyote vitatu hujifunza kushika kila kazi inayopita, hata ya bure, kwa kuogopa kwamba kesho hakutakuwa na ya kushika. Hofu hiyo ina sababu zake, na mtu asiitwe dhaifu kwa kuwa nayo.

Ya tatu ndiyo inayoniuma zaidi: watu wa fani hizi wanaipenda kazi yao. Msomaji wa qasida, mtunzaji wa hati za kale, anayewafundisha watoto kirumbizi, ngoma ya fimbo, wote wanaiona kazi kuwa amana waliyokabidhiwa na wazee. Tangu Mji Mkongwe uingie katika Orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2001, jina la Lamu limekua, na miradi, tafiti na mikutano imekuja pamoja na jina hilo. Wenye fedha wanayajua mapenzi haya. Maneno "ni utamaduni wenu, fanyeni kwa ajili ya jamii" yamewabebesha watu kazi ya wiki nzima bila hata nauli ya mashua ya kurudi Pate. Mapenzi ya mtu kwa kazi yake si punguzo la malipo yake.

Ukijua ni ipi kati ya hizi inayokufunga mdomo, uchaguzi unakuwa mwepesi. Mwenye muhali anahitaji mtu wa kati. Mwenye hofu ya msimu anahitaji hesabu na kalenda. Mwenye mapenzi anahitaji masharti yaliyoandikwa siku ambayo hakuna anayemwomba kitu.

"Inshallah" ya kukwepa na "hapana" ya papo hapo

Hizi mbili nazitazama pamoja kwa kuwa zote hufanyika uso kwa uso, bila matayarisho.

Faida ya kukwepa ni moja: hapo mlipo hakuna aliyevunjiwa heshima. Ila mwombaji ameondoka akiamini umekubali. Atawaambia watu wake, atakuweka katika ratiba, na siku ikifika bila wewe hasira yake itakuwa kubwa kuliko ambayo ingekuwapo ungemwambia mapema. Na wewe mzigo hujautua. Unabadilisha njia ya kwenda sokoni, simu ikilia moyo unaruka, na ombi ambalo hukulikubali linakuchosha kama ulilolikubali. Zaidi ya hayo, jina la Mwenyezi Mungu limegeuzwa kifuniko cha jambo ambalo hukukusudia kulifanya, na hilo peke yake lingetosha kutuzuia.

Kuna namna moja ya kuchelewesha ninayoikubali. Kama kweli hujui utaweza au la, sema: "Nitazame shughuli zangu, nitakujibu kesho baada ya alasiri, inshallah." Kisha ujibu saa hiyo hiyo. Kwa mtu ambaye ulimi wake hukubali kabla ya akili kufika, siku moja ya kungoja inamwokoa na mengi, na sijaona mzee aliyekasirika kwa kuombwa siku moja.

Kukataa papo hapo kunafaa zaidi kwa mtu msiyejuana. Mtalii anataka kuwapiga picha wanawake wanaopakwa hina, au kuingia msikitini wakati wa sala na kamera, au kukuweka hadi usiku kwa malipo ya saa mbili. Hapa "hapana" nyepesi inatosha: "Hapo hapapigwi picha. Twende nikuonyeshe mahali panapopigwa." Hakuna udugu wa kuvunjika, na wageni wengi hushukuru kuambiwa wazi kuliko kuachwa wabahatishe. Ukimzungushia maneno ataendelea kuomba, kwa kuwa kwao asiyekataa amekubali.

Kwa jamaa na wazee, njia hii ndiyo ngumu kuliko zote nne. Itumie pale tu ombi limekukuta ghafla na huna pa kulipeleka. Umbo lake liwe fupi:

"Ami, shikamoo. Niwie radhi, mfunguo huu siwezi. Nikikubali nitakuaibisha mbele ya watu wako. Mfunguo ujao nitakuja mwenyewe tuzungumze."

Heshima imetangulia, sababu ni moja, na mlango wa baadaye umefunguliwa. Mlango huo ufunguliwe tu ikiwa ni wa kweli. Na sababu ibaki moja, kwani kila udhuru unaouongeza mwenzio atautafutia dawa. Ukisema mtoto anaumwa, ataleta dawa. Ukisema hakuna chombo, atakuletea mashua. Ukisema huna kanzu safi, itafika imepigwa pasi. Mwisho utajikuta umeishiwa udhuru na umekwenda.

Masharti ya mapema

Hapa nataka kukaa, kwa kuwa ndipo penye faida kubwa na ndipo tunapopapuuza.

Maana yake ni kwamba kabla ya msimu kuanza, ukiwa umetulia, unaamua mambo machache na kuyatangaza: siku ambazo hufanyi kazi, malipo, idadi ya kazi kwa mwezi, na mambo usiyoyafanya kabisa. Unayaandika. Unayabandika mahali unapofanyia kazi, unayaweka kwenye WhatsApp, unamwambia kila anayekuletea kazi. Ombi linapofika, jibu limekwisha kuwapo. Hukumkatalia yeye, sharti lilikuwapo kabla yake, na linamgusa kila mtu vilevile.

Masharti ya malenga yaweza kuwa hivi: harusi mbili kwa mwezi, taarifa wiki mbili kabla, nusu ya malipo mbele, shairi la msiba halilipiwi. Sharti hilo la mwisho nalipenda. Linaonyesha kwamba mtu ameamua mwenyewe wapi atatoa bure, badala ya kutolewa bure na kila anayekuja. Mwongozaji wa wageni anaweza kusema siku ya Ijumaa haongozi kati ya saa tano na saa nane mchana. Mshonaji wa kofia, ambaye kazi yake huchukua wiki nyingi za sindano na macho, anaweza kuwa na daftari la zamu na neno moja tu: kofia ya haraka hapa haipo. Mchongaji wa milango vivyo hivyo.

Kalenda ndiyo msingi wa masharti, na kalenda zetu ni mbili, ya Kiislamu na ya ukutani. Maulidi ya Lamu, yenye kitovu chake Msikiti wa Riyadha, huwa Mfunguo Sita, yaani Rabiul Awwal, mwezi wa sita baada ya Ramadhani, na kwa kuwa mwaka wa Kiislamu ni mfupi kuliko wa kalenda ya ukutani kwa takriban siku 10 au 11, mwezi huo husogea nyuma kila mwaka. Tamasha la utamaduni la Lamu kwa kawaida huwa Novemba. Mwaka 2018 mwezi wa Maulidi wenyewe uliangukia Novemba. Mtu aliyekuwa na kalenda ya ukutani peke yake hangeona mapema kwamba matari, zefe (maandamano ya maulidi), mashindano ya punda na ya majahazi, na wageni wa pwani nzima vinaweza kurundikana hivyo. Chukua karatasi, andika miezi ya kalenda zote mbili ubavu kwa ubavu, kisha uweke siku za kupumzika kwanza, kabla ya kuandika kazi hata moja. Ukianza na kazi, mapumziko hayapati nafasi.

Na masharti hayana haja ya kuwa ukuta. Nyumba ya mawe ya Lamu ina ngazi zake: kuna daka nje ya mlango, ambapo yeyote huketi, ukiingia kuna tekani (ukumbi wa mlangoni), kisha kiwanda (ua wa ndani), kisha msana wa tini na msana wa yuu (kumbi mbili zinazofuatana), kisha ndani, ambako ni kwa wenyewe. Anayepokewa dakani hajatukanwa, wala hadai kupelekwa ndani. Kazi yako nayo unaweza kuipanga hivyo. Salamu, maelekezo ya njia na maelezo mafupi ni ya kila mtu. Saa moja ya kumweleza mgeni historia ya mji ni ya aliyeweka miadi na kulipa. Kufundisha fani yenyewe, usiku kwa usiku, ni kwa wanafunzi uliowachagua. Na yako mambo ambayo hayatoki kabisa: dua za nyumbani, siri za wazee, picha za watoto wako. Mtu akijua kila ombi linakaa ngazi gani, hahitaji kufikiri upya kila mara, na uchovu mwingi wa kazi hizi unatokana na kufikiri upya kila mara.

Njia hii ina gharama zake. Msimu wa kwanza watakujaribu, na wapo watakaosema umebadilika, umejiona mkubwa. Kazi mbili tatu zitakwenda kwa mwingine. Mtu aliyeanza juzi na ambaye jina lake halijajulikana hawezi kuanza na masharti kumi; aanze na moja, lile linalomuumiza zaidi, na alishike msimu mzima. Na kuna jambo la kuchunga sana: sharti likivunjwa mara moja hadharani kwa ajili ya mkubwa fulani, wengine wote watadai haki hiyo hiyo, nao watakuwa na hoja.

Wenye ajira wana masharti yaliyokwisha andikwa, na inanisikitisha kwamba wengi hawayajui. Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007 inampa mfanyakazi angalau siku moja ya mapumziko katika kila siku saba, na likizo isiyopungua siku 21 za kazi kwa malipo kamili kila baada ya miezi 12. Inataka pia mkataba wa kazi inayofikia miezi mitatu uwe wa maandishi. Mtunza makumbusho anayeombwa afungue siku yake ya mapumziko kwa ajili ya ujumbe wa ghafla si mkaidi akiuliza atafidiwa siku gani. Anayefanya kazi kwa kujitegemea, au kwa kujitolea, hana kinga hiyo, na ndiyo sababu karatasi yake mwenyewe ina uzito kwake kuliko kwa mwajiriwa.

Mtu wa kati

Desturi yetu inamjua mtu wa kati. Posa haipelekwi na kijana mwenyewe, na ugomvi wa mashamba haumalizwi na wagombanao peke yao. Kwa nini basi ombi la kuimba usiku kucha limfikie mwimbaji mwenyewe akiwa anakula?

Kikundi chenye katibu anayeshika daftari kina nguvu ambayo mtu mmoja hana. Ombi likija, jibu la kila mwanachama ni lile lile: "Zungumza na katibu." Katibu naye anasema "tarehe hiyo imejaa", na muhali unapungua kwa sababu aliyekataa siye aliyeombwa. Kwa wanawake wanaopaka hina, kushona au kupika kwa shughuli, ambao nyumba ndiyo karakana, simu ya kazi ikishikwa na dada au mama mkubwa mambo hubadilika haraka. Mteja hamfikii fundi saa nne za usiku kwa kuwa simu haiko chumbani kwake.

Hatari ni mtu wa kati anayekubali kwa niaba yako. Mwenyekiti anataka kumpendeza mgeni rasmi, anaahidi kikundi kizima, kisha anakuja kuwaambia. Hapo mpaka umekuwa wa kwake na mzigo ukabaki kwenu. Kanuni ninayoipendekeza kwa kila kikundi ni hii: mtu wa kati anaruhusiwa kukataa bila kuuliza, lakini haruhusiwi kukubali bila kuuliza. Iandikwe ukurasa wa kwanza wa daftari. Malipo ya mtu wa kati nayo yajulikane mbele, ili isiwe kila "ndiyo" inampa yeye fungu na ninyi uchovu.

Kwa watafiti na warekodi wa sauti na picha, njia hii inashinda zote. Mzee anayehojiwa peke yake dakani kwake huona muhali kumnyima mwanafunzi aliyesafiri mbali. Atazungumza mpaka sauti imkauke, na asijue maneno yake yamekwenda wapi. Kenya ina sheria ya mwaka 2016 ya kulinda maarifa ya jadi na sanaa za kitamaduni, na msingi wake ni kwamba ridhaa ya wenye maarifa itangulie matumizi. Kuna pia sheria ya mwaka 2019 ya kulinda taarifa za watu binafsi. Mzee hahitaji kuzijua kwa vifungu. Anachohitaji ni kuweza kusema, "Maneno haya si yangu peke yangu, nenda kwa jamaa zangu kwanza," na jamaa wawe tayari kuuliza: muda gani, malipo gani, nakala itabaki wapi, na nani ataisikia.

Ukishakataa: kujikaza au kujihurumia

Sasa umekataa. Umerudi nyumbani, na moyo unakuambia umemvunja ami yako, umeiacha amana, umekuwa mtu wa fedha. Hapa njia ni mbili.

Kujikaza tunakusifu tangu utotoni, na kuna wakati wake. Zefe ni kesho, sauti imechoka, na hakuna wa kukushika zamu. Unakunywa tangawizi, unasimama, inapita. Kwa siku mbili tatu kujikaza ni chombo kizuri. Tatizo ni pale kunapokuwa desturi ya mwaka mzima. Shirika la Afya Duniani, mwaka 2019, lilieleza hali ya kuishiwa nguvu kazini kwa dalili tatu: nguvu kukwisha, moyo kujitenga na kazi au kuichukia, na kujiona hufanyi la maana. Likasema hali hiyo inatokana na msongo wa kazini wa muda mrefu ambao haukushughulikiwa, na halikuiita ugonjwa. Mtu wa utamaduni huitambua kwa namna yake: anasoma qasida aliyoipenda tangu mtoto na haisikii tena. Anayejikaza hufika hapo kisha hujilaumu kwa kufika hapo, na lawama hiyo humsukuma akubali kazi nyingine ili athibitishe kwamba yu mzima.

Kujihurumia kunaenda kwingine. Mwanasaikolojia wa Marekani, Kristin Neff, katika maandishi yake ya mwaka 2003, alikueleza kwa mambo matatu: kuwa mpole kwa nafsi yako badala ya kuihukumu, kukumbuka kwamba kushindwa na kuumia ni kwa wanadamu wote, na kuyaona maumivu kama yalivyo, bila kuyaficha na bila kuzama ndani yake. Wengi huogopa kwamba upole huo utawafanya wavivu. Juliana Breines na Serena Chen walilijaribu hilo katika utafiti uliochapishwa mwaka 2012: wanafunzi walioshindwa mtihani mgumu na kisha wakaongozwa kujihurumia walitumia muda mrefu zaidi kujisomea kwa mtihani wa pili kuliko wenzao. Aliyesahau ubeti wa utenzi mbele ya watu, akajipiga maneno usiku kucha, kesho ataogopa jukwaa. Aliyejiambia "hata wakubwa wangu wamewahi kusahau" atafungua daftari.

Wala sisi si wageni wa jambo hili. Kila aliyekaa darsani anakijua kisa cha Salman na Abu Dardaa, masahaba wa Mtume. Abu Dardaa alifunga mchana na kusimama usiku hadi mkewe akapuuzwa, na Salman akamwambia kwamba Mola wake ana haki juu yake, nafsi yake ina haki juu yake, na watu wake wana haki juu yake, basi ampe kila mwenye haki haki yake. Mtume (s.a.w.) alipoelezwa alisema Salman amesema kweli. Ikiwa ibada yenyewe imewekewa kipimo, sioni ni tamasha gani lisilo na kipimo.

Kwa vitendo, kuna mambo matatu ninayoyaamini. Usiku ule wa hatia, jiulize ungemwambia nini kijana wa kikundi chako aliyekataa kazi kama hiyo kwa sababu hiyo hiyo, kisha uyaseme maneno hayo kwa sauti, ukilitaja jina lako. Kama wewe ni mtu wa kalamu, yaandike kama barua. La pili, usibaki peke yako na jambo hilo: baraza la wenzio wa fani, mara moja kwa wiki, ambapo mtu anasema "nimechoka" na asijibiwe "sisi zamani tulifanya zaidi". Baraza hilo lisigeuke la kusengenya waajiri, maana watu wataondoka wakiwa wazito zaidi ya walivyokuja. La tatu, subiri hadi kesho kabla ya kubadilisha jibu lako. Simu inayopigwa usiku wa manane kusema "basi nitakuja" huwa imepigwa na hatia.

Kuna tofauti na kujionea huruma, ambako mtu hujiona ameonewa peke yake duniani na hakuna ajuaye uchungu wake. Huko hukata watu. Kujihurumia ninakokusema hurudisha watu.

Lakini nisieleweke vibaya na wenye ofisi. Mfanyakazi asiyelipwa miezi miwili hahitaji kufundishwa upole kwa nafsi yake, anahitaji malipo. Nimeona semina za utulivu zikitolewa kwa watu ambao shida yao ilikuwa ratiba, na hilo ni kumhamishia mtu kosa lisilo lake. Ikiwa mzigo unatoka nje, chagua mpaka. Ikiwa mpaka umeuweka vizuri, umeandikwa, unaheshimiwa, na bado hulali, hapo ndipo chagua kujihurumia. Na usingizi ukikosekana kwa wiki, chakula kisipopita, au ukianza kuona maisha hayana maana, mwone daktari hospitalini bila kungoja msimu uishe.

Ipi imfae nani

Mwajiriwa wa makumbusho, maktaba au mradi: anza na mkataba na sheria, kisha mazungumzo. Andika ombi lako kwa barua au ujumbe, maana la mdomo husahaulika. Mtu wa kati wako ni mwakilishi wa wafanyakazi, kama yupo.

Anayejitegemea na ana jina: masharti ya mapema, bila kusita. Asiye na jina bado, sharti moja na rafiki mmoja wa fani anayelijua na kumkumbusha.

Mwenye muhali mwingi, hasa aliye mdogo kwa umri katika ukoo, asijitese kwa kujifunza "hapana" ya uso kwa uso. Ampe mkubwa anayemwamini ashike daftari. Mzee mwenye maarifa hali kadhalika: jamaa wasimame mlangoni.

Kiongozi wa kikundi ana kazi ya ziada. Kabla ya Mfunguo Sita aketi na wenzake na daftari, na jina la kwanza katika orodha ya wanaopumzika liwe lake, kwa sababu kijana hathubutu kuomba usiku ambao mwenyekiti wake hajawahi kuuchukua. Wakishaandikwa wa kupumzika wa kila usiku, ndipo wapangwe wa matari, wa zefe na wa kupokea wageni. Na kama waliobaki hawatoshi, katibu apige simu siku hiyo hiyo kusema ni shughuli ipi haitafanyika mwaka huu, wakati wenyeji wake bado wana nafasi ya kutafuta kikundi kingine.